Maswali na majibu: kuogelea masafa marefu kwenye maji ya kusini

Wengi wanaotuandikia wanajiandaa kuogelea kilomita tano mwezi Novemba, kusi ikishalala na kaskazi haijashika. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa maji ya baridi. Huku kwetu cha kuogopa ni mkondo na joto, kwa hiyo tumejibu kwa hesabu ya huku.

Nilitaka kuvuka kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda, saa moja asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Bahari ilikuwa shwari. Nusu saa baadaye nilijikuta naelekea nje ya ghuba, mvuvi akanichukua. Nguvu ninazo. Nimekosea wapi? (Lindi)

Nguvu hazihusiki, umeangushwa na kalenda. Siku uliyochagua ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Kwa hiyo saa moja asubuhi uliyakuta yanatoka kwa kasi. Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Kigawe kina kinachopungua mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati, na wewe uliingia humo humo, tena mahali ambapo Mto Lukuledi nao unamwaga maji yake.

Mwogeleaji wa kawaida huenda kilomita moja kwa dakika 25, yaani meta 40 kwa dakika. Mkondo wa kilomita mbili kwa saa, ambao si mkali, hukusukuma meta 33 kwa dakika. Ukivuka kilomita moja huku umeelekeza kichwa ng'ambo moja kwa moja, utafika umesogezwa pembeni zaidi ya meta 800. Na ushwari wa juu haukuambii lolote kuhusu hayo.

Vuka siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji hujaa karibu saa nne asubuhi, na mkondo ni mdogo zaidi. Ingia kidogo kabla ya kujaa ili maji yasimame ukiwa katikati. Kumbuka muda wa kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya juzi haifai leo. Ukiwa majini fanya kama wavuvi: chagua alama mbili mbele yako, mnazi wa ufukoni na mnara ulio nyuma yake. Mnazi ukikimbilia kushoto ya mnara, wewe unapelekwa kulia. Na usivuke bila chombo cha kukusindikiza. Safari ile ulibahatika.

Nimekulia Mikindani na naogelea tangu utoto, lakini nikifika kilomita moja nahema vibaya. Nitawezaje tano? (Mikindani)

Kuhema si mapafu madogo. Wengi waliojifunzia ufukoni huogelea kichwa nje. Kichwa kikipanda miguu huzama, na mwili unakuwa kama mtumbwi unaoburuta nanga. Uso uwe ndani, macho yatazame chini. Kosa la pili ni kubana pumzi majini, halafu kutaka kutoa na kuvuta kwa nafasi moja fupi. Toa pumzi mfululizo, mapovu yatoke puani na mdomoni, ili ukigeuka kazi iwe kuvuta tu. Kutazama mbele kunatosha kila mikono minane hadi kumi, tena inua macho tu, si kidevu.

Wiki 16 zinatosha, siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza ni meta 100 mara kumi, ukipumzika sekunde 20 kila baada ya mia. Ya pili ni meta 400 mara nne, mwendo wa kuweza kuzungumza ukisimama. Ya tatu ni ndefu: anza na kilomita 1.2, ongeza meta 300 kila wiki, ila wiki ya 4, ya 8 na ya 12 punguza hadi nusu. Wiki ya 14 utafika kilomita 4.2, kisha shusha wiki mbili za mwisho. Anayemaliza 4.2 akiwa bado na pumzi, tano ataimaliza.

Mazoezi yataangukia miezi ya kusi, kwa hiyo ingia alfajiri, upepo wa umande ungali unavuma kutoka bara. Ghuba ya Mikindani inakukinga na mawimbi, lakini kaa mbali na mlango wake: maji yote ya ghuba hupita pale pembamba.

Huku hakuna bwawa. Nitapimaje meta 100? (Mtwara)

Madumu mawili ya lita tano yaliyokazwa vifuniko, mifuko miwili ya mchanga ya kilo 15 kuwa nanga, na kamba ya nailoni. Chagua sehemu inayokauka maji yakipwa na inayofika kifuani yakijaa. Yakipwa, tembea upime kwa kamba ya meta 100, sambamba na ufuko, uweke nanga. Kamba ya kila dumu iwe mara moja na nusu ya kina cha maji kujaa. Kosa la kawaida ni kuipima siku za maji mafu. Bamvua likija, dumu linazama. Ogelea kwenda na kurudi, uchukue wastani, maana muda ukitofautiana sana kuna mkondo. Waarifu watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko, kabla, na ukimaliza toa kila kitu. Kamba iliyoachwa hujisokota kwenye pangaboi la injini, na hapo utagombana na watu wenye haki ya kukasirika.

Bega la kulia linauma kila nikizidisha kilomita mbili.

Mwombe mtu akutazame kutoka mbele. Mara nyingi mkono unavuka mstari wa kichwa, au unaingia kwa kidole gumba. Uingie mbele ya bega lake, vidole vikitangulia, kiwiko kikiwa juu. Nchi kavu, funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, bana kiwiko ubavuni, zungusha mkono kwenda nje mara 15, seti tatu, kila siku ya pili. Maumivu yakikuamsha usiku, acha kuogelea ukamwone daktari.

Nile na ninywe nini njiani?

Uji wa ulezi saa mbili kabla. Majini, mililita 250 kila dakika 30, usisubiri kiu: lita moja ya maji safi, vijiko 12 vya chai vya sukari, robo kijiko cha chumvi, ndimu kidogo. Saa ya pili ongeza nusu ndizi. Dafu ni tamu, ila chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo tia kidogo. Korosho, pamoja na mapenzi yetu yote, ziache ufukoni: zina mafuta mengi, na chembe zake hupalia. Yote haya yajaribu mazoezini kwanza.

Nitamsindikiza kaka yangu kwa mtumbwi. Niangalie nini? (Shangani, Mtwara)

Dada, kaa upande anaopumulia, meta tatu hadi tano, yeye akiwa usawa wa katikati ya chombo. Beba jaketi za kuokolea, filimbi, simu kwenye mfuko usioingiza maji, na boya lenye kamba. Chupa mrushie ikiwa imefungwa uzi.

Kazi yako kubwa ni kuhesabu mikono yake kwa dakika, kila robo saa. Akianza na 56 akashuka hadi 46, muulize jambo dogo, kwa mfano jina la mtaa wake. Akijibu ovyo, akipinda njia au akikasirika bila sababu, mtoe, hata akikataa. Maji ya uvuguvugu hayapoozi mwili unaofanya kazi. Mwaka 2010 Mmarekani Fran Crippen alifariki katika mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, maji yakiwa ya moto; leo kanuni za mashindano ya kimataifa zinazuia kuogelea maji yakizidi nyuzi 31. Baada ya Desemba maji yetu huikaribia namba hiyo, ndiyo maana tunasema Novemba isipite.

Konyeza, yule mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, akinichoma? Na nijipake mafuta?

Usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji baridi ya bomba. Suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kibano, kisha loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 20. Ukikosa pumzi au kifua kikibana, hospitali mara moja.

Mafuta ya mgando ni ya michubuko: kwapani, shingoni, chini ya kamba za nguo. Vaa miwani kwanza ndipo ujipake. Kidole chenye mafuta kikigusa kioo, utaogelea kilomita tano bila kuuona mnazi.