Bibi na kinanda cha funguo 61

Ukurasa wa maswali ya muziki. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na wa kwaya, Iringa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nesi mstaafu, niko hapa Tukuyu, nina miaka 64. Tangu usichana wangu naimba sauti ya pili kanisani, na solfa, zile do-re-mi, nasoma bila kushikwa mkono. Sasa mwanangu wa Dar kaniletea kinanda kidogo cha funguo 61. Wajukuu wananicheka, eti bibi karudi chekechea. Kijana anayepiga kinanda kanisani kwetu nimemwomba anifundishe, akasema solfa ni mambo ya kizamani, niisahau kwanza, nianze upya na nota za mistari mitano. Na vidole vyangu vimekakamaa. Je, nimechelewa?
Mama wa sauti ya pili, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Hujachelewa, wala hujarudi chekechea. Mimi nina miaka 71, na kila Alhamisi napanda daladala hadi Kalenga kwa mzee mmoja anifundishe ligombo, ala yetu Wahehe: ubao uliochimbwa katikati, nyuzi zimevutwa juu yake, na kibuyu cha kukuzia sauti. Nililisikia utotoni, kisha chaki ikanichukua miaka yote. Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alilinasa ligombo la Wahehe mwaka 1950, kabla sijazaliwa. Wanaolipiga leo ni wa kutafuta kwa tochi. Mzee wangu hafundishi kwa maneno. Anapiga, ananitazama, anapiga tena. Nikipatia anaagiza chai.

Huyo kijana mpe salamu zangu, ila kwenye solfa usimsikilize. Mfumo huu aliuanzisha mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover wa Norwich, na John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili watu wasio na uwezo wa kununua piano waweze kuimba kwa sauti nne. Wamisionari wakaja nao. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini, ndiye aliyetunga mwaka 1897 sauti tunayoiimbia Mungu Ibariki Afrika, naye nyimbo zake aliziandika kwa solfa. Kama ni uzamani, basi nchi nzima husimama wima kwa ajili yake.

Sasa tukae kwenye kinanda. Funguo nyeusi zimepangwa mafungu ya mbili na ya tatu. Ufunguo mweupe ulio kushoto, jirani kabisa na fungu la mbili, ndio C. Mwite do. Panda kwa funguo nyeupe peke yake: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Utaona kati ya mi na fa hakuna cheusi, wala kati ya ti na do. Hapo ni nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, na koo lako linazijua tangu ukiwa binti, hata kama hakuna aliyekutajia jina lake.

Chagua wimbo unaouimba hata ukiwa shambani unachuma chai. Upige kwa mkono wa kulia huku ukitamka solfa. Ukishaupata, hamisha do iende G, pale so ilipokuwa. Sauti zote zitakaa kwenye nyeupe isipokuwa ti, ambayo itakulazimisha upande F nyeusi, ile iliyo kulia kwa F nyeupe, fa yetu ya mwanzo. Usikariri. Sikio litakataa lenyewe ukigusa ile nyeupe. Na huko ndiko solfa inakoshinda: do inahama, wimbo unabaki uleule.

Mkono wa kushoto upe kodi tatu, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Nyimbo nyingi sana za ibada zinabebwa na hizo. Na hapa nakwambia jambo ambalo watu wa sauti ya kwanza hawapendi kulisikia: wao huijua tuni, nyinyi wa sauti ya pili mnaijua kodi kwa ndani, maana maisha yenu yote mmeishi katikati yake.

Vidole vivyo hivyo vilivyokakamaa vitatosha. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu, Tukuyu mvua na baridi zinakujua. Piga kidogo kila siku kuliko Jumamosi nzima. Kile kitufe cha ridhimu kinachopiga ngoma na besi chenyewe, kizibe kwa plasta. Nesi hakosi plasta. Nimechoka na makanisa ambayo mpigaji ni kitufe.

Nota za mistari zina kazi yake. Ukitaka kupiga na watu wa matarumbeta wanaozisoma, au kuona mikono miwili kwa mara moja, jifunze. Zije juu ya solfa, zisije badala yake. Na wajukuu wape sauti ya tatu na ya nne waimbe huku ukipiga. Watakaa kimya wenyewe.

SWALI: Kamwene Mwalimu. Asubuhi za mwezi wa saba hapa Mafinga tunatuni gitaa na tarumbeta nyumbani kwa mwenyekiti, karibu na jiko, vinakubaliana. Tukifika kanisani gitaa liko juu, tarumbeta iko chini. Tunalaumiana.
Mpiga gitaa, Mafinga

JIBU: Kamwene. Msilaumiane, laumuni baridi. Waya wa chuma ukipoa husinyaa, unakaza, sauti inapanda. Tarumbeta ni kinyume. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, na karibu 337 kwenye nyuzijoto 10; hewa ya ndani ya bomba ikipoa hivyo, sauti hushuka karibu theluthi ya nusu toni. Kwa hiyo fikeni mapema, vyombo vipoe humo humo mtakamopigia. Mwenye tarumbeta aipulizie pumzi kimya kimya, kisha asukume ndani lile bomba la kutunia. Gitaa litafuate tarumbeta. Na gitaa liondoeni karibu na jiko, mbao zitapasuka.

SWALI: Mwalimu, mimi nimemaliza kidato cha nne, nataka kusomea muziki. Wazazi wanasema hakuna chuo cha muziki Tanzania.
Kijana, Makambako

JIBU: Vipo. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kinachofundisha taarabu na ala zake, kanuni na udi. Chuo kikuu cha Makumira, Arusha, kinatoa shahada ya muziki, lakini huko utahitaji kusoma zaidi kwanza. Ada na sifa za kujiunga uliza chuoni kwenyewe, si kwa mtu wa stendi. Waonyeshe wazazi barua hii, na wakiwa na swali waniandikie wao.