Kwa Mawakili Wanaoanza Kazi ya Nishati Kampala: Jina Lenu Litasomwa Baada ya Miaka 20

Ninyi mnaotoka Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho sote tunakiita LDC, mkiwa na stashahada mkononi na hamu ya kuingia katika idara ya nishati ya kampuni ya mawakili hapa Kampala, mmechagua tawi la sheria ambalo matunda yake huchelewa sana kuonekana. Wakili wa kesi za jinai hujua baada ya muda usio mrefu kama utetezi wake umefaulu au umeshindwa. Wakili wa nishati huandika mkataba wa miaka 20 au 30, hulipwa ada yake, huendelea na kazi nyingine, na huenda akawa amestaafu siku ambayo kifungu alichokiandika kitafunguliwa kwa mara ya kwanza na watu wanaogombana. Sifa yake, kwa hiyo, haipimwi siku ya kutia saini mbele ya wapigapicha. Hupimwa siku ile ya ugomvi, na mara nyingi mwenyewe hayupo kujieleza. Naomba mlielewe jambo hili kabla ya mengine yote, kwa sababu linabadili namna ya kusoma rasimu na namna ya kukaa mezani na wenzenu.

Tazameni yaliyotokea katika usambazaji wa umeme. Baada ya Sheria ya Umeme ya 1999, Bodi ya Umeme ya Uganda iligawanywa mwaka 2001 kuwa kampuni tatu, moja ya uzalishaji, moja ya usafirishaji na moja ya usambazaji, kisha kazi ya usambazaji ikakabidhiwa kampuni ya Umeme kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza Machi 2005. Mkataba huo ulipofika mwisho tarehe 31 Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya Serikali ya usambazaji, ikachukua nguzo, nyaya na vituo, swali kubwa lilikuwa ni kiasi gani Serikali ilipaswa kulipa kwa uwekezaji ambao mwekezaji alikuwa bado hajaurudisha. Serikali ililipa takriban dola milioni 118, Umeme ikasema inadai kiasi kikubwa zaidi ya hicho, na mgogoro ukaelekea kwenye usuluhishi London. Sitaki kusema hapa nani ana haki. Ninachotaka mkione ni kwamba maneno yanayogombaniwa katika mzozo huo yaliandikwa na mawakili zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakati ambapo watu wengi mezani walikuwa wakifikiria namna ya kuanza, na mwisho wa mkataba ulionekana kuwa mbali mno kuwashughulisha.

Kifungu cha mwisho wa mkataba kinastahili usiku wenu mmoja mzima. Ni uwekezaji gani unahesabiwa, ule uliofanywa au ule ulioidhinishwa na mdhibiti? Nani anauhakiki, na kwa muda gani? Mhakiki akichelewa, saa inaendelea kuhesabu au inasimama? Riba ya kuchelewa inaanza lini, na kwa kiwango kipi? Mali inakabidhiwa kabla ya malipo kukamilika, au malipo hutangulia? Mkikuta kanuni ya hesabu imeandikwa kwenye kiambatisho, msiiamini kwa kuitazama tu. Kaeni na mhasibu, wekeni tarakimu za kubuni za mwaka wa 5, wa 12 na wa 20, muone jibu linatoka moja au yanatoka majibu mawili. Kama wasomaji wawili waaminifu wanapata majibu mawili tofauti, hiyo rasimu haijakamilika, hata kama wakubwa wa pande zote wamekwisha kupongezana. Nimewaona mawakili vijana wenye akili kali sana wakipitia kurasa za mbele kwa bidii na kuviacha viambatisho kwa wahandisi, na naona hili ndilo kosa linalowagharimu wateja zaidi ya mengine yote katika kazi yetu.

Hali ni hiyo hiyo katika mkataba wa kununua umeme, ambao kwa kawaida mzalishaji huingia na UETCL, kampuni ya Serikali ya usafirishaji wa umeme. Bwawa la Bujagali lenye megawati 250 lilianza kufanya kazi kikamilifu mwaka 2012, na tangu hapo Waganda wamejifunza, kupitia mijadala ya bei, kwamba mnunuzi anaweza kulipia uwezo wa mtambo hata pale umeme wenyewe usipotumika. Wakopeshaji wanautaka mpangilio huo, na wana sababu, kwani bila uhakika wa mapato hawatatoa fedha. Lakini wakili anayeandika kifungu hicho ajue kwamba gharama yake hatimaye huingia katika bei ambayo ERA, mdhibiti wa umeme, huipanga na ambayo fundi wa kuchomelea vyuma Katwe huilipa. Si kazi yenu kumsaliti mteja kwa ajili ya fundi huyo. Ni kazi yenu, hata hivyo, kumwambia mteja mapema kwamba sharti lisilobebeka litarudi kudaiwa mabadiliko, bungeni au kwa mdhibiti, na kwamba mkataba unaovumilika na pande zote hudumu zaidi.

Sasa niseme juu ya barua ya maoni ya kisheria, kwa sababu hapo ndipo jina la kampuni hukaa wazi kuliko mahali pengine popote. Benki iliyoko London au Frankfurt haiwajui ninyi, haijui mmesoma Makerere au Nkumba, na haitawahi kufika ofisini kwenu. Inajua barua moja, yenye kichwa cha barua cha kampuni yenu, inayosema kwamba mkataba huu ni halali na unatekelezeka chini ya sheria za Uganda. Ili kuandika sentensi hiyo moja mnapaswa kuwa mmethibitisha mambo mengi. Katiba, katika Ibara ya 119, inataka mkataba ambao Serikali ni upande mmojawapo usihitimishwe bila ushauri wa kisheria wa Mwanasheria Mkuu, isipokuwa pale Bunge limeruhusu kwa sheria. Ibara ya 159 inazuia Serikali kukopa au kudhamini mkopo bila idhini inayotokana na sheria ya Bunge. Ibara ya 244 inaweka madini na petroli mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri, kwa hiyo hakuna mwenye shamba Buliisa anayeweza kuuza mafuta yaliyo chini ya mihogo yake, na hakuna mwekezaji anayeweza kudai kuyanunua kwake. Mkiambiwa kwamba idhini ya Mwanasheria Mkuu ipo njiani, andikeni kwamba ipo njiani. Msiandike kwamba ipo.

Shinikizo la kuandika vinginevyo litakuja, na litakuja saa nne usiku, kutoka kwa mtu mwenye heshima mnayempenda. Tarehe ya kufunga mkopo imefika, ndege imepangwa, waziri anasubiri. Katika saa hiyo masharti na mipaka ya maoni yenu ndiyo ulinzi wenu, na mkubwa wenu mzuri atawashukuru mkimwonyesha hati iliyokosekana. Kampuni zenye jina katika nchi hii zimelipata kwa kusema "bado" mara nyingi kuliko washindani wao.

Katika mafuta, shauri ambalo kila anayeanza anapaswa kulisoma mwanzo hadi mwisho ni lile la Heritage. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliuza maslahi yake katika vitalu vya mafuta vya Bonde la Albertine kwa kampuni ya Tullow kwa dola bilioni 1.45, na Mamlaka ya Mapato ikadai kodi ya faida ya mtaji ya zaidi ya dola milioni 400. Heritage ilitaka suala liende kwenye usuluhishi nje ya nchi kwa mujibu wa mkataba wake na Serikali, lakini Baraza la Rufaa za Kodi lilikataa hoja zake, na mwaka 2011 likaamua kwamba kodi ilistahili kulipwa. Tullow, iliyolazimika kulipa dola milioni 313 kama wakala wa muuzaji, ilikwenda Mahakama Kuu ya London kudai fedha hizo kutoka kwa Heritage, na mwaka 2013 ikashinda kwa kutegemea kifungu cha kufidiana kilichokuwa ndani ya mkataba wa mauziano. Lisomeni shauri hilo mkijiuliza nani aliandika kifungu hicho na alikuwa anawaza nini. Mtu fulani, katika ofisi fulani, alikaa akafikiria kwamba kodi inaweza kudaiwa kwa mnunuzi, akaandika aya chache, na aya hizo zikaokoa dola milioni 313.

Ardhi ndiyo sehemu ambayo mawakili wa nishati hupenda kuwaachia wengine, nami nadhani wanakosea sana. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga, na kilomita 296 kati ya hizo ziko Uganda, zikipita katika wilaya 10, kuanzia Hoima na Kikuube hadi Rakai na Kyotera. Katika njia hiyo utakuta ardhi ya kimila, mailo (umiliki wa kudumu wa eneo la Buganda), umiliki huru na upangaji wa muda, kila aina ikiwa na watu wake na uthibitisho wake. Ibara ya 26 ya Katiba inadai fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 2015 katika shauri la Mamlaka ya Barabara dhidi ya Irumba na Magelah, ilipokibatilisha kifungu cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kwa kadiri kilivyoruhusu kuchukua kwanza na kulipa baadaye. Mwanasheria kijana akitumwa kijijini na fomu za kuthaminisha mali ahakikishe kwamba mwenye ardhi ameelezwa kilichomo kwa lugha anayoielewa, kwamba mke au mume wa familia inayoishi kwenye ardhi hiyo ameridhia kama Sheria ya Ardhi inavyotaka, na kwamba nakala moja imebaki mikononi mwa mwenyewe. Mtamkuta mzee ambaye amelima hapo maisha yake yote na ambaye atawaamini kwa sababu tu mmevaa vizuri na mmetumwa na kampuni kubwa. Imani hiyo ni mzigo mzito, na jina baya lililotokana na kuichezea halifutiki kwa tuzo yoyote.

Muda nao una meno. Mashirika ya kiraia yaliyopinga bomba hilo mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki yalifungua shauri Novemba 2020, na Novemba 2023 kitengo cha awali cha mahakama hiyo kikalitupa kwa sababu lilichelewa, kwani Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu. Hoja za mazingira na za haki za watu hazikufika hata kusikilizwa kwa undani. Siku ya kwanza mkipewa jalada, kabla ya kusoma kingine chochote, andikeni tarehe ambayo haki ya mteja inakufa.

Duara letu ni dogo. Wakili anayewakilisha wakopeshaji mwaka huu atawakilisha mzalishaji mwaka ujao, na yule mliyebishana naye kwa jeuri anaweza kuhamia kwa mdhibiti au kampuni ya taifa ya mafuta. Ndiyo maana mgongano wa maslahi huku kwetu ni hatari ya kila siku. Kanuni za Mwenendo wa Mawakili zinakataza kupokea kazi dhidi ya mteja wa zamani ikiwa kwa kumtumikia mlipata kujua mambo yanayoweza kumdhuru. Semeni mapema, kwa maandishi, hata kama mnahofia kazi itakwenda kwa wengine.

Kuhusu orodha za kimataifa zinazowapanga mawakili kwa ubora, kama Chambers, Legal 500 na IFLR1000, sitasema mengi. Zina faida, hasa kwa mteja wa nje anayetafuta wakili katika nchi asiyoijua, na huandaliwa kwa kupitia kazi zilizowasilishwa na kuwahoji wateja na mawakili wenzenu. Hilo la kuwahoji wenzenu lina maana kwamba mtu mliyemtendea hila mezani ataulizwa juu yenu. Tunzeni kumbukumbu za kila kazi mliyoshiriki na sehemu yenu halisi ndani yake, tenganisheni yanayoweza kuchapishwa na ya siri, na ombeni ridhaa ya mteja kabla ya kumtaja. Kutafuta wateja kwa kujinadi kumezuiwa na kanuni zetu, basi msiifanye nafasi yenu katika orodha kuwa tangazo mlangoni.

Kwa wale wanaouliza waanzie wapi, mimi naona bomba ni shule nzuri, kwa kuwa limeunganisha mifumo miwili ya sheria. Uganda ilitia saini mkataba wake wa Serikali mwenyeji, yaani ule kati ya nchi na kampuni ya bomba, Aprili 2021, Tanzania ikatia wake Mei mwaka huo, na Bunge letu likapitisha sheria maalumu ya bomba mwaka huo huo wa 2021. Tanzania nayo, mwaka 2021, ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama zake, jambo linalompa nafasi wakili wa Kampala anayekisoma vizuri, maana wenzake wengi watasubiri mtu awafasirie. Anzeni na sheria mbili za petroli za 2013, moja ya utafutaji na uzalishaji na nyingine ya usafishaji na usafirishaji, kisha sheria ya bomba, kisha sheria za Tanzania zinazohusu sehemu yake, mkiandika pembeni kila mahali ambapo kodi, ardhi au utatuzi wa migogoro vinashughulikiwa tofauti upande wa pili wa mpaka wa Mutukula.