Gunia lina mdomo wake: barua kwa mwanangu Atupele

Mwanangu Atupele,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika, na ile hela ya mbolea imefika, ndaga fijo, asante sana. Huku Isongole tumeamka wazima, ila baridi ya mwaka huu inakata masikio. Ukungu haujainuka tangu juzi, Mlima Rungwe hatujauona kabisa, na kaka yako anasema hata ng'ombe wamepunguza maziwa.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili jikoni, halafu nikatoka nao nje nikausikiliza tena mahali ambapo hakuna mtu. Umeniuliza, "Mama, wewe na baba mlijuaje kwamba mnavyo vya kutosha?" Ukasema kazini wamekupandisha cheo, kiwanja cha Chanika umemaliza kukilipa, na bado ukilala unajiona hujafika popote. Benki iko tayari kukukopesha ujenge, lakini ile nyumba ya vyumba vitatu uliyochorewa mwanzo sasa unaiona ndogo, kwa sababu wenzako wa ofisini wanapandisha ghorofa.

Siku nne hizi nimepalilia nikiwa na swali lako kichwani. Jibu lake silioni vizuri. Ninachokiona ni swali jingine, jirani yake: nani ameshika sindano ya gunia?

Umekulia kwenye viazi, sina haja ya kukufundisha. Gunia lina mdomo wake. Aliyelifuma alishajua linaishia wapi. Unajaza madebe sita, unakunja mdomo, unashona, basi. Maneno haya nimekuambia tangu uko mgongoni na nitakuambia tena.

Nianze na bibi yako, maana wewe na shangazi zako hupenda kusema yeye ndiye aliyejua kuridhika. Mimi niliolewa mwaka 1983, mwaka ule waziri mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha tangu 1979, ila ilituacha hoi. Duka la kijiji lilikuwa rafu tupu na daftari. Tukisikia sukari imekuja tunaondoka kabla jogoo hajawika, tunapanga foleni hadi miguu inakufa ganzi, na unarudi na nusu kilo kwa nyumba nzima. Sabuni ikipatikana, bibi yako aliukata ule mche kwa uzi. Ncha moja ya uzi anaibana kwa meno, nyingine anaivuta kwa mkono, taratibu, mpaka vipande vinane, kimoja kwa kila nyumba ya ukoo. Kipande chetu kilikuwa kama kiberiti. Anakuwekea kiganjani, anakufumba vidole, anasema, "Kinatosha." Na ni yeye aliyekupa jina ulipozaliwa. Atupele, ametupa. Hakutaja ametupa nini wala kiasi gani.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kuisimulia. Lakini usiku nikiwa peke yangu najibishana na nafsi yangu. Kilitosha kweli kile kipande? Kaka yako alikuwa mchanga, nepi zake nilizifua kwa majivu mikono ikachubuka. Hatukuwa na vya kutosha, mama, tulikuwa hatuna, na bibi yako alitupa neno la kuisitiri ile hali. Halafu najijibu kwamba hapana, simtendei haki marehemu. Kile kipande kilikatwa mbele ya macho yetu wote, na yeye aliyeshika uzi alibaki na kipande sawa na chetu. Jambo hilo sijaliona tena mahali popote, wala dukani, wala sokoni, wala huko mliko ninyi.

Basi nije kwenye siku ninayotaka kukuandikia, maana naona naizunguka.

Ilikuwa Desemba 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeshapita mapema mwaka ule, ila barabara ya kushuka kwetu ilikuwa bado na mashimo, magari yalikuwa machache, na mnunuzi aliyekubali kufika hadi nyumbani alilijua hilo kuliko sisi. Tulikuwa tumevuna madebe 240. Baba yako aliyachora kwa mkaa ukutani, mistari mitano mitano. Madebe 240 ni magunia 40, na magunia yale tulishayagawa kabla hayajashonwa: ada ya kaka yako aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, bati za jiko, mbolea, na blanketi lenu ninyi wawili.

Mnunuzi akaja na Fuso na vijana wanne. Akataja bei ya gunia, na ilikuwa nzuri. Baba yako akanitazama akatabasamu. Unajua alivyokuwa mgumu wa kutabasamu. Kisha wale vijana wakaanza kufunga.

Debe la sita likaingia, gunia likajaa. Kijana akalinyanyua, akalipiga chini mara tatu, viazi vikajipanga, akamwaga la saba. Nikasema, "Limejaa hilo." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, hili bado." Akachukua kipande cha gunia jingine, akakishonea juu kama kofia, akakizungushia kamba za katani kama anasuka wavu, akamwaga la nane, akamwaga la tisa, akafunika na nyasi, akakaza. Lumbesa. Lilisimama pale uani limebeba kilemba kikubwa kuliko kichwa, na bei ni ile ile ya gunia.

Nikamwambia baba yako tukatae. Akasema kwa sauti ya chini, "Tukikataa atakwenda kwa jirani." Na alisema kweli, jirani alikuwa ameshatoka nje anatutazama.

Magunia 40 yakawa 26. Chini yakabaki madebe sita. Kwa hesabu yangu mimi lile ni gunia zima, halali, lenye mdomo wake. Mnunuzi akayatazama yale madebe akasema, "Hayo hayafiki gunia, yawekeni tu juu." Tukayaweka. Mikono hii ninayokuandikia ndiyo iliyoyaweka. Ada ililipwa. Bati hatukununua, na blanketi hatukununua, ndiyo maana mlilala chini ya koti la baba yenu hadi msimu mwingine.

Hapo ndipo ulipofika wewe.

Mvua ilikuwa imeanza. Ulikuwa unamaliza darasa la nne. Ulikuja mbio kutoka barabarani, viatu umevishika mkononi visilowe, na ripoti umeifunga kwenye mfuko wa nailoni ukaificha chini ya sweta. Ulinifuata upenuni nilikosimama, ukafungua ule mfuko polepole, ukanipa karatasi ikiwa kavu kabisa, haina hata tone. Wa tatu kati ya wanafunzi 87. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Amejitahidi sana." Ulikuwa unahema. Ulikuwa unaningoja.

Na mimi, mikono imejaa udongo, macho yangu yakiwa bado kwenye lile Fuso, nikasema, "Na hao wawili waliokupita wanakula nini?"

Hukujibu. Ulichukua karatasi yako ukaingia jikoni.

Baba yako aliona yote. Hakusema neno mpaka gari limeondoka, mpaka tumekula, mpaka koroboi imezimwa. Ndipo akasema gizani, "Na wewe leo umefunga lumbesa." Akageukia ukutani akalala. Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, hakulirudia neno lile na mimi sikumjibu, na sasa hayupo wa kumjibu.

Ningemjibu nini? Mwaka uliofuata wewe ulikuwa wa kwanza darasani. Darasa la sita ukawa wa kwanza. Ukachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ukaenda chuo, na leo unafanya kazi kwenye jengo la lifti. Nani ataniambia kwamba ningesema hongera siku ile, ungefika hapo? Mtoto si kiazi. Mtoto anakua, na ukiwahi kumshonea mdomo utamdumaza. Hilo nalo ni kweli, nimeliona kwa watoto wa watu. Lakini nakumbuka pia kwamba zile ripoti za kuwa wa kwanza hukunipa mkononi tena. Ulikuwa unaziweka mezani, unatoka nje kabla sijasoma. Mimi nikawa nawaambia shangazi zako, mtoto huyu hana majivuno. Leo unaniambia umepandishwa cheo na unajiona hujafika, nami nawaza, huenda tangu siku ile unatoka nje kabla hujaambiwa kitu.

Napima hivi, napima vile. Gunia lina mdomo wake. Ninachoshindwa kujua ni kama mdomo wako niliuona mimi.

Kuhusu nyumba sasa. Siku hizi serikali imelivalia njuga hili la vipimo. Sheria ya Vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na watu wa Wakala wa Vipimo wanapita vijijini wakitangaza lumbesa ni marufuku. Kuna wanaonunua kwa mzani, na mzani ukining'inia mbele ya watu roho inatulia. Bado wapo wanaofunga usiku. Si kwamba mkulima hajui kilo. Anaijua vizuri sana. Anachoogopa ni kwamba akikataa, gari litahamia uani kwa mwenzake, na mwenzake naye anaogopa hivyo hivyo, kwa hiyo mnunuzi hana haja hata ya kupandisha sauti. Nilipokusikia ukitaja wenzako mmoja mmoja na ghorofa zao, nilimsikia baba yako: tukikataa atakwenda kwa jirani. Wewe jirani yako anaishi ndani ya simu. Asubuhi yuko mbele ya geti jipya, jioni yuko kwenye ngazi za marumaru, na aliyeshika sindano humwoni hata uso.

Unamkumbuka yule binti wa Uyole aliyekuja kwenye msiba wa baba yako na sufuria lake kubwa? Alikopa hizi pesa za kausha damu, za riba ya kunyonya, ili sendofu ya mdogo wake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, isionekane ya kimaskini. Wamekuja mchana kweupe wakabeba kochi, televisheni na jiko la gesi, na lile sufuria. Najua mkopo wa benki si kausha damu. Najua, usinieleze. Nimeliandika tu kwa sababu lile sufuria ndilo lililopikia wali wa msiba wetu, na linaniuma.

Hapa nilikuwa nimeandika sentensi moja kuhusu vyumba vitatu, nikaikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Maoni ninayo, mama, yamenijaa mdomoni. Lakini nikikuambia jenga ndogo nitakuwa nimeshika sindano tena, safari hii nakushona kabla hujajaa. Na nikikuambia jenga kubwa nitakuwa nakumwagia debe la tisa. Laiti baba yako angekuwepo akasema yeye, angelisema kwa maneno manne na tungelala. Mimi nanyamaza, ingawa unanijua, na unajua nanyamaza huku nimeelekea upande gani.

Ninalokuomba ni jingine. Ile ripoti ninayo. Uliiacha jikoni karibu na kuni, asubuhi yake niliiokota, na imo ndani ya Biblia ya bibi yako pamoja na kadi yako ya kliniki. Juzi baada ya kusikiliza sauti yako niliitoa. Wino mwekundu wa mwalimu umesambaa, pana doa la maji juu ya lile neno "sana". Miaka yote hii nimejiambia ni mvua. Lakini ulinipa ikiwa kavu, na jiko letu siku ile halikuvuja upande wa kuni.

Ukipiga simu Jumapili, kabla hujaniuliza habari za viazi, niambie yale maji yalikuwa ya nini.

Mama yako