Asilimia ya Asilimia: Kwa Nini 25 na 18 Hazileti 43

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba wakala wake wa forodha amempiga. Mzigo wake hadi kufika bandari ya Dar es Salaam, nauli na bima zikiwemo, una thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Yeye kajumlisha akapata asilimia 43, yaani 430,000. Wakala, ukiacha ada ndogondogo, anadai 475,000. Hizo 45,000 za juu zimetoka wapi?

Hajapigwa. VAT ya mzigo unaoingia nchini haitozwi kwenye thamani peke yake. Hutozwa kwenye thamani pamoja na ushuru. Ushuru ni 250,000, kwa hiyo VAT ni asilimia 18 ya 1,250,000, yaani 225,000. Zile 45,000 ni asilimia 18 ya ule ushuru wa asilimia 25.

Kuipata, gawanya kila asilimia kwa 100, kisha zidisha: 0.18 × 0.25 = 0.045, ambayo ni asilimia 4.5 ya thamani ya mzigo. Ukipenda kuzidisha 18 × 25 moja kwa moja utapata 450. Gawanya kwa 100 mara moja, inabaki 4.5, na hiyo tayari ni asilimia. Wengi huharibu hapa, wanaigawanya tena na bado wanaiita asilimia.

Nyongeza zikipandana, njia ya mkato ni 1.25 × 1.18 = 1.475. Mapunguzo nayo ni hivyohivyo: asilimia 20 kisha 10 ni 0.80 × 0.90 = 0.72, umepunguziwa 28, si 30. Lipi litangulie, jibu halibadiliki.

Kinachoniuma zaidi ni wafanyabiashara wanaoumia wakati wa kuitoa VAT kwenye bei. Bei ikiwa 118,000 na VAT imo ndani, usitoe asilimia 18 ya 118,000. Utapata 21,240, wakati VAT halisi ni 18,000, maana ilikokotolewa kwenye 100,000. Gawanya kwa 1.18 upate bei ya msingi, halafu toa. Tofauti ya 3,240 kwa kila mauzo ni faida yako unayoigawa bure, ndugu yangu!

Kwenye kamisheni, uliza kwanza: asilimia ya nini? Dalali akichukua asilimia 10 ya kodi ya nyumba na kukuahidi asilimia 40 ya chake ukimletea mpangaji, fungu lako ni asilimia 4 ya kodi. Kwenye kodi ya 600,000 hiyo ni 24,000. Mwandikishane kabla hujampeleka mpangaji.

Kitufe cha % nakushauri ukiache. Ukibonyeza 100 + 25% + 18%, kikokotoo kimoja kinaweza kukupa 147.5 na kingine jibu tofauti kabisa. Andika 1.25 na 1.18 mwenyewe.