Tandiko la karata: angalia uso wake kwanza, unene baadaye

Mtu anayependa kukaribisha wenzake kucheza karata atanunua viti vya ziada, atanunua kahawa nzuri na kashata, hata karata za plastiki zisizochakaa, halafu wageni wanachezea juu ya kioo. Meza za vioo zimejaa kwenye sebule zetu hapa Dar es Salaam, na sijaona mahali pabaya zaidi pa kuchezea. Karata ikishalala kifudifudi juu ya kioo inanata. Kucha haipiti chini yake, kwa hiyo mtu anaiburuta mpaka ukingoni ili aiokote, na ikifika huko nusu ya meza imeshaiona. Tena kwetu tunacheza wahedi wa sitini, na anayejua mchezo huo anajua kwamba mwenye turufu kubwa haiweki mezani, anaipigilia. Saa nne usiku, juu ya kioo, jirani wa chini anajua nani ana ree.

Dawa yake ni tandiko: kitambaa kilichogandishwa juu ya mto mwembamba wa mpira, unalitandaza mkianza na kuliviringisha mkimaliza. Siku hizi yanapatikana mtandaoni na kwenye baadhi ya maduka ya michezo, na wanunuzi wengi nawaona wakifanya jambo moja: wanabonyeza kwa kidole gumba, wanachagua lililonona kuliko yote. Mimi nasema unene uwe jambo la mwisho kuuliza.

La kwanza ni uso. Anayegawa karata haendi kumkabidhi kila mtu mkononi, anazitelezesha. Mahameli ni mazuri kwa macho, lakini vinyweleo vyake vinaishika karata njiani, inasimama katikati au inapinduka na kuonyesha uso. Nailoni laini inafanya kinyume, karata inampita mwenyewe na kuangukia mapajani. Kitambaa kizito cha sufu, kile cha kijani kinachofanana na cha meza za puli, huwa kizuri mwanzoni, ila kile cha bei rahisi huota vipele baada ya muda na kumeza chenga zote za kashata. Kilicho bora kuliko vyote nilivyotumia ni poliesta iliyofumwa kwa kubana, karibu na kitambaa cha jezi za mpira, na chini yake neopreni, mpira uleule wa mavazi ya wazamiaji.

Usiamini maelezo ya muuzaji, nenda na pakiti yako ya karata. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Tandaza juu ya kaunta, telezesha karata moja kwa kidole: inatakiwa iende kama urefu wa mkono na isimame yenyewe, ingali kifudifudi. Kisha tandaza pakiti nzima kwa mpigo mmoja wa kiganja, uone kama zinajipanga kwa nafasi sawa au zinarundikana. Mwisho weka karata moja, bonyeza ukingo wake mmoja. Kama ukingo wa pili unainuka kidogo, kiasi cha kidole kupita, umepata kitu. Hii ndiyo kazi kubwa ya ule mto wa chini, na watu wengi wanadhani kazi yake ni kupunguza kelele tu.

Hapo sasa unene unaingia. Milimita 2 hadi 3 zinatosha kwa karata kuinuka na kwa mshindo wa turufu kufa. Ukizidi sana, glasi ya juisi inaanza kuyumba, vikombe vya kahawa vinainama upande wa mtu aliyeegemea kiwiko, na karata zinazama badala ya kuteleza. Nimeona watu wakimpelekea fundi makochi wakitaka sponji ya inchi moja ivishwe kitambaa. Inapendeza kuikalia. Isitoshe, sponji ya makochi ina matundu yaliyo wazi, kwa hiyo chai ikimwagika inakwenda moja kwa moja ndani, na kwa joto na unyevu wa pwani haichukui muda mrefu kabla ya kutoa harufu ya uvundo. Neopreni matundu yake yamefungwa. Unawahi na kitambaa kikavu, mchezo unaendelea.

Geuza pia uangalie mgongo. Uwe wa mpira wenye vinundu au mistari, usiwe laini. Lilaze juu ya kioo au kigae, lisukume kwa kiganja. Likisogea dukani, litasogea zaidi nyumbani shemeji yako atakapopigilia karata.

Kuhusu ukubwa, fikiria mchezo mnaocheza, usifikirie meza uliyo nayo. Wanne wanaocheza wawili kwa wawili wanahitaji mraba wa sentimita 80 hadi 90 hivi, kila mtu afikie katikati bila kunyanyuka. Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88, na zipo nyembamba zenye upana wa 57, kwa hiyo eneo hilo linabeba karata zilizochezwa, zilizoliwa na mikono ya wote bila msongamano. Yale marefu ya sentimita 180 kwa 90 yanafaa kama mnakuwa sita au nane mkicheza lasti kadi kwenye meza ya kulia chakula. Kwa wanne ni makubwa mno, na robo tatu ya muda yanakuwa meza ya sahani.

Suala la kubeba ndilo linalonikera kwenye matangazo. Tandiko linaloandikwa kuwa ni la kubebeka, ukilifungua unakuta limekunjwa mara nne kama shuka, na mikunjo ile haiondoki. Karata ikifika kwenye mkunjo inaruka au inageuka. Nunua linaloviringishwa. Na ukiliviringisha, kitambaa kiwe nje, mpira ndani. Ukifanya kinyume, kingo zitakuwa zinanyanyuka kila ukilitandaza. Kwa kuwa kitambaa kipo nje, unahitaji mfuko wake. Mfuko wenye mkanda wa begani ni wa lazima kwa anayetembea nalo kwa bodaboda, maana kulishika mkononi kwa safari ya Mbagala hadi Kinondoni ni kazi nyingine. Zipo pia mbao za kukunja zenye sponji na vitundu vya vikombe pembeni, za pembe nane. Nzuri, zinasimama imara hata juu ya meza ndogo, ila ni nzito. Hizo ni za mwenye gari, au za mtu ambaye wageni wanamfuata yeye kila mara.

Angalia kingo. Kama zimeshonwa ovaloki, pitisha kidole: uzi usisimame juu kiasi cha kuikwaza karata. Zisiposhonwa kabisa, kitambaa kitaanza kubanduka pembeni, na likianza halirudi.

Rangi chagua moja, isiyong'aa, ya giza kiasi. Kijani, buluu iliyokolea, au hudhurungi. Kopa na uru zinaonekana, pau na shupaza zinaonekana, macho ya wazee hayachoki. Yale yenye picha ya simba au mandhari ya machweo yanapendeza ukutani. Ujue tu kwamba ukileta la kijani, mzee mmoja atauliza kama nyumba imegeuka kasino. Kwetu hatuchezi pesa, na swali hilo bado linakuja. Nikinunua jingine litakuwa la buluu.

Kama mnacheza chini, kwenye jamvi barazani, tandiko linasaidia kuliko hata mezani. Karata huingia pembe kwenye nyuzi za ukindu na kukunjika, na mchanga kidogo tu wa baraza ya saruji unachuna karata za plastiki mpaka zinakuwa na alama. Karata yenye alama mnajua inakoelekea: ugomvi. Kung'uta jamvi kwanza, kisha tandiko juu yake.

Asiye na bajeti anaweza kutandika blanketi jepesi, juu yake shuka nzito ya pamba iliyovutwa vizuri na kubanwa pembeni kwa vibanio vya nguo. Haitembei sana na karata zinainuka. Mkeka wa yoga peke yake haufai, unashika karata mno, lakini ukiutandikia shuka hiyohiyo unakubalika. Hiyo ya shuka na blanketi mimi ningeichagua kuliko kuhangaika na sponji ya fundi.

Likifika jipya litanuka mpira. Litundike kivulini penye upepo kwa siku chache, usilianike juani. Jua linaukausha mpira na kuufanya upasuke. Kulisafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, sifongo laini, kisha likauke likiwa limelala. Mashine hapana, pasi hapana kabisa. Na mkimaliza kucheza usiliache juu ya meza ya mbao yenye vanishi wiki nzima ukidhani unailinda: mpira ukikaa muda mrefu kwenye vanishi au plastiki unaweza kuacha doa lisilofutika. Kama huna pa kuliweka, tandika shuka kuukuu katikati yake na meza.