Jibu: Oblivion yenye modi, nGCD au Oblivion XP?

Kaka wa Tabora, umeuliza uweke ipi kati ya nGCD na Oblivion XP, modi mbili (nyongeza za mashabiki) zinazobadilisha jinsi mhusika anavyopanda leveli kwenye gemu la Oblivion. Kwa mwizi anayekwepa vita kama ulivyomweleza, mimi ningechukua nGCD.

Mfumo wa asili wa gemu wa kupanda leveli unachosha. Stadi zako kuu zikipanda mara 10 unalala, unachagua sifa tatu za kuongeza (kama nguvu au wepesi), na ukitaka sifa ipande kwa pointi 5 lazima stadi za sifa hiyo ziwe zimepanda mara 10 kabla hujalala. Unageuka karani wa daftari la duka! Wakati huohuo maadui wanakua pamoja nawe, kwa hiyo ukikuza maneno matamu na kufungua kufuli tu, leveli inapanda na majambazi wanakutandika.

nGCD inapandisha sifa zenyewe kadiri stadi zinavyokua. Oblivion XP inakupa pointi za uzoefu kwa kuua na kumaliza misheni, na ukipanda leveli unagawa nyongeza za sifa na stadi mwenyewe; mpiganaji ataipenda.

Zote zinataka OBSE, programu ndogo inayoliwezesha gemu kuendesha modi kama hizi. Weka moja tu, maana zinagombania namba zilezile, na anza mhusika mpya. Faili la nGCD ni dogo, bando halitaumia. Hakikisha una toleo la 2006, si Remastered ya 2025. Na seivu mara kwa mara. Huku Kigoma umeme haupigi hodi ukiondoka, sijui kwenu.