Kwa anayeanza kushona makava ya madaftari kwa vipande vya kanga

Wengi wanaokuja kujifunza kwangu hapa Unguja huja na mfuko wa vipande vya kanga na vitenge walivyookota kwa mafundi cherehani, na jambo la kwanza wanalotaka ni kushika mkasi. Huwaomba wauweke chini kwanza. Kazi ya kushona makava ya madaftari haidai mtaji mkubwa wala cherehani ya gharama, lakini ina kanuni moja ambayo mimi niliipata kwa hasara, na sipendi mwingine aipate kwa njia hiyo: tengeneza kitambaa kwanza, kisha ndipo ukate kava.

Kava langu la kwanza la kuagizwa lilikuwa la daftari la ukubwa wa A5. Nilipiga hesabu nikaona nahitaji kitambaa cha urefu wa sentimita 48, nikakata vipande vinane vya sentimita 6 kila kimoja, kwa kuwa nane mara sita ni 48, nikaviunga kwa utulivu mchana mzima. Nilipoweka futi juu ya kazi yangu nilisoma sentimita 37 na nusu. Kila mshono ulikuwa umekula robo tatu ya sentimita kutoka kila kipande, yaani sentimita moja na nusu kwa kila mshono, na mishono saba ikala sentimita 10 na nusu. Kanga ile ilikuwa ya marehemu mama yake mteja wangu, na haikuwapo nyingine ya kuikata. Ilinibidi niongeze vipande vya kitambaa cheusi kwenye ncha zote mbili, ambavyo kwa bahati vilijificha ndani ya mikunjo ya kava. Mteja aliridhika, ila mimi kila nikilikumbuka kava lile nahisi kwamba nilimdhulumu.

Tangu siku hiyo ninaunga vipande bila kujali hesabu ya kava, mpaka nipate bapa moja la kitambaa linalozidi kipimo ninachokitaka kwa sentimita mbili au tatu kila upande. Bapa hilo nalipiga pasi, nalilaza mezani, na hapo ndipo napima na kukata kama kwamba ni kitambaa kizima kilichotoka dukani. Wazee wetu waliijua njia hii. Inasimuliwa katika historia ya kanga kwamba, katika karne ya 19, wanawake wa mwambao walinunua leso zilizopigwa chapa zikiwa bado hazijakatwa moja moja, wakachukua leso sita, wakazigawa mistari miwili ya tatu tatu, wakaishona mistari hiyo pamoja ikawa nguo moja ya kujifunga. Walishona nguo kwanza, matumizi yakafuata. Kwa hiyo anayeunga vipande vya kanga leo hafanyi jambo geni kwa kanga.

Kabla ya kuunga, fua vipande vyote, hata vile vinavyoonekana safi. Kanga mpya hutoka dukani na wanga unaoifanya iwe ngumu, na ikifuliwa mara ya kwanza hurudi na mara nyingi huchuja rangi. Ukishona kipande kipya cha rangi nyekundu kando ya kipande cheupe kilichokwisha kufuliwa mara ishirini, siku mteja atakapolifua kava lake, chekundu kitavuta mishono na cheupe kitageuka waridi. Loweka kila rangi peke yake na ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Vilevile chunguza kama kipande ni cha pamba kweli: chomoa nyuzi chache, uziwashe moto mbali na nguo nyingine. Pamba huungua ikatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, lakini nailoni na poliesta huyeyuka zikaacha kidonge kigumu. Kitambaa kinachoyeyuka usikichanganye na pamba katika kava moja, kwa sababu joto la pasi linalonyoosha pamba hukikunja kile kingine.

Sasa vipimo. Daftari la A5 lina kimo cha sentimita 21 na upana wa sentimita 14.8. Lifunge, kisha zungusha futi kutoka ukingo wa jalada la mbele, upite mgongoni, hadi ukingo wa jalada la nyuma. Usipime likiwa wazi, hasa kama jalada lake ni gumu, kwa sababu daftari lililofungwa ndilo linalodai kitambaa kirefu zaidi pale mgongoni. Daftari lenye unene wa sentimita moja na nusu litakupa takriban 31. Ongeza sentimita 7 kila upande kwa ajili ya mkunjo utakaoshika jalada, sentimita moja kila ncha kwa ajili ya pindo, na kama nusu sentimita au zaidi kidogo ya kupumulia; unafika 48. Kimo kiwe sentimita 23 na nusu, yaani 21 za daftari, mbili za mishono ya juu na chini, na nusu ya kupumulia. Kwa jalada gumu mimi hukata 24.

Katika kuunga, tumia mshono mfupi wa milimita mbili hadi mbili na nusu, na kila mshono ukimalizika upige pasi kabla hujauvuka kwa mshono mwingine. Laza akiba ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mshono, kuelekea kipande chenye rangi nzito, isije ikaonekana kwa nje kupitia kipande chepesi. Panga pia vipande vyako ili mshono usiangukie kwenye ukingo wa daftari wala katikati ya mgongo, maana hapo ndipo mkono unaposugua kila siku na ndipo tabaka nene hukatika mapema. Miezi ya masika, hewa inapojaa unyevu, usiache pini kwenye kazi usiku kucha. Kutu ya pini moja kwenye kanga nyeupe haitoki.

Jina la kanga linahitaji fikra zaidi kuliko mshono. Maneno yale ni marefu kuliko uso wa daftari, hivyo anayekata bila kusoma hubaki na nusu ya usemi, na nusu hiyo inaweza kusema kinyume cha uzima wake. Jina la kanga lisemalo "Wema hauozi" ukilikata baada ya silabi ya "ha", mbele ya kava utasoma "uozi". Aidha, kwetu kanga hutumwa kwa jina lake. Niliwahi kumshonea mwalimu mmoja wa skuli kava alilotaka kumzawadia wifi yake, nikaweka kwa mbele maneno "Hasidi hana sababu" kwa kuwa pindo lake lilikuwa zuri. Alilitazama, akalirudisha mezani bila kusema neno, na nikaelewa. Nililifumua kava lile siku ileile. Muulize mteja kava ni la nani, na umsomee jina kabla hujalikata; kama hakuna jina linalofaa, tumia mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, na pindo, uache maneno kabisa.

Kuliunganisha kava ni kazi ya muda mfupi ukishakuwa na bapa lako. Kunja pindo la sentimita moja kwenye ncha zote mbili fupi na ulishone. Laza kitambaa uso wake ukitazama juu, kunja sentimita 7 za kila ncha ziingie ndani, uso kwa uso. Juu yake laza bitana, yaani kitambaa cha ndani, uso wake ukitazama chini, yenye upana ule ule wa kazi iliyokwisha kukunjwa na ncha zake zikiwa zimepigwa zigizaga. Shona mstari wa juu na mstari wa chini tu, sentimita moja kutoka ukingoni, ukirudisha mshono nyuma kila mwanzo na kila mwisho. Punguza pembe, kisha geuza kupitia upande ulio wazi. Mikunjo itapinduka ikae juu ya bitana, na ncha za bitana zitafichika chini yake. Pale pembeni tabaka ni nyingi, kwa hiyo weka sindano namba 14 na uzungushe gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga.

Mtu akikuletea juzuu au msahafu, kumbuka kwamba kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo uso wa mbele uko upande ambao katika daftari la skuli ni nyuma. Nimeona makava mazuri ya msahafu ambayo pambo lake lote limekaa nyuma. Weka alama ya chaki kwenye bapa kabla ya kukunja, na kwa kazi hiyo chagua vipande vipya, visivyo na picha wala mafumbo.

Kulivisha daftari, pindua majalada yake yote mawili kuelekea nyuma, uyaingize kwa pamoja katika mikunjo, kisha ulifunge polepole. Liache mezani bila kulikandamiza. Jalada la mbele likijiinua lenyewe, kava limebana kwa urefu: fumua pindo la ncha moja na mishono ya pembe zake, shusha mkunjo kwa nusu sentimita, ushone tena kabla mteja hajaliona.